Treni ya bomba la ombwe na reli ya kasi: hewa siyo gharama kubwa

Novemba 2016 Mamlaka ya Barabara na Usafiri ya Dubai ilitia saini makubaliano na kampuni ya Kimarekani, Hyperloop One, ya kuchunguza uwezekano wa kujenga bomba kubwa kutoka Dubai hadi Abu Dhabi. Hewa ndani ya bomba hilo ingenyonywa karibu yote, libaki ombwe, na vibehewa vya abiria vingepita humo kwa kasi inayokaribia ile ya sauti. Safari ya kilomita kama 140 ingekwisha kwa dakika 12. Kampuni hiyo ilifungwa mwisho wa 2023 bila kubeba abiria hata mmoja wa nauli. Januari 2025, Etihad Rail, shirika la reli la Falme za Kiarabu, likatangaza treni ya kasi ya umeme kati ya miji hiyo hiyo: kilomita 350 kwa saa, dakika 30.

Dubai ina fedha, ina ardhi tambarare na ina hamu ya vitu vipya. Kama bomba lingekuwa na pa kuanzia, pangekuwa pale. Kwa nini basi mradi uliotangazwa ni wa reli, tekinolojia ambayo Japani iliizindua mwaka 1964? Ninavyoona mimi, treni ya bomba inatatua tatizo la kweli na inalitatua vizuri, ila tatizo lenyewe silo linaloifanya reli iwe ghali na ngumu kujenga. Ili hilo lieleweke, tuanze na hewa.

Kinachofanywa na hewa

Treni inayokwenda taratibu hupoteza nguvu nyingi kwenye magurudumu, mitambo na vilima. Ikifika kilomita 300 kwa saa, mzigo mkubwa unakuwa ni hewa iliyo mbele yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayokuzuia inakuwa mara nne, na kwa kuwa unaikata hewa hiyo kwa haraka mara mbili, umeme unaotumika kila sekunde kuishinda unakuwa mara nane. Ndiyo maana treni za kasi za biashara zimekaa kwenye 300 hadi 350 kwa miaka mingi, ingawa Wafaransa walifikisha 574.8 katika jaribio la Aprili 2007, na Wajapani wakafikisha 603 kwa treni ya sumaku, inayoelea juu ya njia yake bila kuigusa, Aprili 2015. Kuigusa kasi hiyo mara moja kunawezekana. Kuishikilia kila siku, kwa treni kadhaa kila saa, ndiko kunakokula umeme na vifaa.

(Kwa msomaji anayepima kwa treni za kwetu: SGR ya Tanzania, inayotumia umeme, hufika 160, na ya Kenya, ya dizeli, 120. Shirika la kimataifa la reli, UIC, huita reli ya kasi njia mpya iliyojengwa kwa 250 au zaidi. Tunazungumzia daraja jingine kabisa la ujenzi.)

Wazo la kuiondoa hewa yenyewe ni la zamani. Robert Goddard, aliyekuja kuwa baba wa roketi za mafuta ya kimiminika, alilifikiria akiwa mwanafunzi huko Massachusetts mwaka 1904. Robert Salter wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, alilirudia mwaka 1972. Waswisi waliunda kampuni, Swissmetro, mwaka 1992, wakikusudia treni za sumaku ndani ya mahandaki yenye hewa hafifu. Ikavunjwa mwaka 2009. Kisha Agosti 2013 Elon Musk akachapisha waraka alioupa jina la Hyperloop Alpha, na dunia ikalichukulia kama jambo jipya.

Waraka ule ulipendekeza mgandamizo wa paskali 100 ndani ya bomba, yaani sehemu moja ya elfu ya hewa tunayoivuta pwani, na kasi ya juu ya kilomita 1,220 kwa saa. Piga hesabu. Kasi hiyo ni kama mara nne ya treni ya 300, kwa hiyo ukinzani ungepanda mara 16 hivi. Lakini hewa ni hafifu mara elfu moja, kwa hiyo chombo cha umbo lile lile kingekutana na ukinzani mdogo mara sitini kuliko treni ya kasi iliyoko nje, ukiacha kwanza athari ya kuta za bomba. Hesabu hiyo ni sahihi, na inaeleza kwa nini wahandisi makini wameendelea kulirudia wazo hili kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndege nayo huitegemea hesabu hiyo hiyo. Ikiwa mita 11,000 juu, uzani wa hewa ni chini ya theluthi ya ule wa usawa wa bahari, na ndege hupanda huko makusudi. Tofauti ni kwamba hewa hafifu ya juu haijengwi na mtu, wala hailindwi isivuje.

Kuta za bomba zina athari ambayo maelezo mengi hayaitaji. Hata hewa ile ndogo iliyobaki inahitaji nafasi ya kupita pembeni mwa kibehewa. Kibehewa kikijaza bomba, hewa inakosa njia na inasukumwa mbele, kama pistoni inavyosukuma dawa kwenye bomba la sindano. Mwendo unapokaribia kasi ya sauti mwanya huo huziba mapema zaidi. Wala kuipunguza hewa hakuipandishi kasi ya sauti, kwa sababu hiyo hutegemea joto. Katika nyuzi 20 sauti husafiri kilomita 1,235 hivi kwa saa, bomba likiwa na hewa nyingi au kidogo. Hapo mhandisi ana njia tatu. Apanue bomba, na gharama ya chuma na mahandaki ipande. Anyonye hewa zaidi, na pampu zifanye kazi kubwa zaidi. Au aweke kompresa kwenye pua ya kibehewa ili iivute hewa na kuipitisha nyuma. Musk alichagua ya tatu, akataka pia kibehewa kielee juu ya hewa hiyo iliyogandamizwa chini yake kama mto wa kulalia. Hyperloop One iliacha mito ya hewa ikaenda kwenye sumaku, yaani kwenye tekinolojia ghali ambayo waraka ulikuwa umejaribu kuikwepa.

Je, bomba refu lisilo na hewa linajengeka?

Linajengeka. Nchini Marekani kuna vituo viwili vya LIGO, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston, Louisiana, vinavyopima mawimbi ya mvutano kutoka angani. Kila kimoja kina mikono miwili ya bomba la chuma, kila mkono kilomita nne, kipenyo kama mita 1.2, na ombwe lililomo ndani ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na lile linalohitajika kwa treni. Yamedumu kwa miaka mingi. Anayesema haiwezekani kabisa aanze kwa kuyaeleza mabomba hayo.

Lakini LIGO hakuna kinachoingia wala kutoka. Mwanga wa leza ndio msafiri pekee, na bomba limefunikwa kwa zege lisipigwe na jua na upepo. Bomba la treni lina milango kila kituo, vyumba vya kubadilishia hewa, vali za dharura, na linakaa juani kwenye nguzo. Kwa kipenyo cha mita 2.23 alichokipendekeza Musk, hewa ya nje hulikandamiza kwa tani 70 hivi kwa kila mita ya urefu, pande zote kwa pamoja. Chuma kinene kinahimili hilo. Joto ndilo linalosumbua zaidi. Bomba la kilomita 600, likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya usiku wa baridi na mchana wa kiangazi, lingetaka kurefuka kwa karibu mita 290. Reli za kawaida nazo hutaka kutanuka, ila zimechomelewa kwa urefu na kubanwa kwenye mataruma na kokoto, zisipate pa kwenda. Bomba lililo juu ya nguzo lazima lipewe pa kutelezea, na kila kiungo kinachoteleza ni mahali ambapo hewa inaweza kupita. Pampu zitaishughulikia hewa hiyo, mradi viungo viwe vichache na mafundi wavifikie kwa urahisi. Kwa hiyo hapa tuna kazi ngumu ya kihandisi, ghali, ambayo mtu mwenye subira anaweza kuimaliza.

Kona

Ugumu usiopunguzwa na subira uko kwenye ramani. Chombo kinachokata kona humsukuma abiria pembeni kwa nguvu inayokua kwa mraba wa kasi, kama hewa ilivyokuwa, na kunyonya hewa hakupunguzi nguvu hii hata kidogo. Reli za Uchina zilizojengwa kwa 350 zinahitaji kona zenye nusukipenyo cha kilomita 7 hivi. Kwa 1,220, hata ukikubali abiria asukumwe kwa nusu ya uzito wake, nusukipenyo kinafika kilomita 23. Kibehewa kinaweza kulala ubavu ili asitupwe upande mmoja, lakini nguvu ile itabaki mwilini mwake. Vivyo hivyo kwa kupanda na kushuka: mabonde na vilima ambavyo reli hufuata kwa upole, bomba litavikatiza kwa daraja refu au handaki.

Maana yake ni kwamba njia inakuwa karibu mstari ulionyooka. Mstari ulionyooka hauepuki makaburi ya kijiji, hauzunguki shamba la mtu, hauchagui mahali ambapo mlima ni mwembamba. Na hapo ndipo fedha za reli huishia siku zote: fidia ya ardhi, mahandaki, madaraja, kesi mahakamani, kuhamisha mabomba ya maji na nguzo za umeme. Wapiga kura wa California waliidhinisha fedha za reli ya kasi kati ya San Francisco na Los Angeles Novemba 2008, wakati makadirio yalikuwa dola bilioni 33 hivi. Leo makadirio yamepita bilioni 100, na katika Bonde la Kati pekee mradi umehitaji viwanja zaidi ya 2,000. Hakuna hata senti ya ongezeko hilo iliyotokana na ukinzani wa hewa.

Waraka wa 2013 ulikuwa umeandikwa kama jibu kwa mradi huo huo wa California. Ulidai bomba la abiria lingegharimu dola bilioni 6, yaani kama milioni 10 au 11 kwa kilomita. Benki ya Dunia ilipochunguza reli za kasi za Uchina mwaka 2019 ilikuta wastani wa dola milioni 17 hadi 21 kwa kilomita, na za Ulaya milioni 25 hadi 39. Tuliombwa kuamini kwamba bomba la chuma lenye pampu, vali na mota za umeme, juu ya nguzo, lingejengwa Marekani kwa nusu ya bei ambayo Wachina, walio hodari kuliko wote kwa kazi hiyo, hulipa kwa reli tupu. Sababu iliyotolewa ni kwamba nguzo zingepita katikati ya barabara kuu, kwa hiyo ardhi isingehitajika sana. Barabara kuu ina kona za magari. Ukiifuata unapunguza mwendo, na ukitaka mwendo inabidi uiache uingie mashambani. Aidha njia ile ilianzia Sylmar, ukingoni kaskazini mwa Los Angeles, na kuishia Hayward, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco. Sehemu za mijini, ambako kila mita ni vita, ziliachwa nje ya hesabu.

Anayetaka kuona bei halisi ya kunyoosha njia atazame Japani. Reli ya sumaku ya Chuo, kutoka Tokyo hadi Nagoya, ni kilomita 286, na kasi yake iliyopangwa ni 505 kwa saa, chini ya nusu ya ile ya Hyperloop. Haina ombwe lolote. Kwa ajili tu ya kunyooka milimani, kama asilimia 86 ya njia iko ndani ya mahandaki. Gharama imepita yeni trilioni 7, na lengo la kufungua mwaka 2027 limeachwa.

Watu wangapi kwa saa?

Wasomaji waliokwenda Hija au Umra tangu mwishoni mwa 2018 huenda wameipanda treni ya kasi bila kuifikiria sana: ile ya Haramain, kutoka Makka kupitia Jidda hadi Madina, kilomita 450 hivi, kwa mwendo wa hadi 300. Treni moja ina viti 417. Kibehewa cha waraka wa Musk kilikuwa na viti 28. Treni moja ya Haramain, kwa hiyo, ni vibehewa 15. Treni moja ya Shinkansen, reli ya kasi ya Japani, kati ya Tokyo na Osaka, yenye viti 1,323, ni vibehewa 48.

Jibu la waraka lilikuwa kutuma kibehewa kila baada ya dakika mbili kwa wastani, na kila sekunde 30 wakati wa msongamano. Wastani huo unatoa watu 840 kwa saa. Ule wa sekunde 30 unatoa 3,360. Shinkansen za Nozomi peke yake, yaani zile za haraka zaidi kwenye njia hiyo, zinapoondoka 12 kwa saa, zina viti karibu 16,000 upande mmoja.

Sekunde 30 zenyewe zina shida. Kwa kasi ya 1,220, chombo huenda kilomita 10 kwa muda huo. Kukisimamisha kwa breki kali, zinazomsukuma abiria kwa nusu ya uzito wake, kunahitaji zaidi ya dakika moja na karibu kilomita 12. Kanuni ya kawaida ya reli ni kwamba treni ya nyuma iweze kusimama hata kama ya mbele imekwama papo hapo. Sekunde 30 zinaivunja kanuni hiyo hata kwa breki za kuumiza. Ukitumia breki ambazo mama mjamzito na mzee wa miaka themanini wanaweza kuzivumilia, nafasi inapanda hadi dakika moja na nusu au zaidi, na idadi inarudi kwenye watu elfu moja na kidogo kwa saa. Unaweza kukuza vibehewa au kuviunganisha vikawa treni, na kampuni kadhaa zilipendekeza hivyo. Bomba nalo litakua, na bei ya mwanzo, iliyojengwa juu ya bomba jembamba, itakwenda na maji.

Kwa umbali mfupi hata kasi yenyewe haipati nafasi. Kufika 1,220 kwa uongezaji mwendo wa kistaarabu kunachukua dakika tano na nusu na kilomita 57; kupunguza kunachukua kiasi hicho hicho. Kati ya kilomita 140 za Dubai na Abu Dhabi, zinabaki kama 25 tu za kwenda kwa mwendo kamili. Dakika 12 zilizoahidiwa zilikuwa hesabu sahihi ya hizo zote pamoja. Lakini abiria aliyetumia nusu saa kufika kituoni na robo saa kukaguliwa mizigo anaokoa dakika 18 dhidi ya treni ya 350, na kwa hizo dakika 18 mtu angepaswa kulipia mfumo mzima wa ombwe.

Hatari nayo isipitwe. Paskali 100 ni hewa ya karibu kilomita 48 juu ya ardhi. Ndege ikitoboka, rubani hushuka kwa dakika chache hadi kwenye hewa inayovutika. Kibehewa kilichotoboka hakina pa kushuka. Lazima bomba lenyewe lifunguliwe hewa iingie, na vyombo vyote vilivyomo visimame kwanza au vikutane na hewa hiyo kwa kasi kubwa.

Kuna sifa ya reli ambayo kwangu ina uzito kuliko zote na haionekani kwenye majedwali ya kasi. Inajengwa vipande vipande. TGV ya kwanza, yaani treni ya kasi ya Ufaransa, Paris hadi Lyon, ilianza Septemba 1981 wakati sehemu ya kusini tu ya njia mpya ndiyo iliyokuwa tayari. Kwingine treni zilipita kwenye reli za zamani hadi sehemu ya kaskazini ilipokamilika mwaka 1983. Al Boraq ya Moroko, treni ya kasi ya kwanza Afrika, iliyozinduliwa Novemba 2018, hukimbia 320 kutoka Tangier hadi Kenitra, kisha huingia kwenye reli ya kawaida mpaka Casablanca. Nchi ililipia kilomita 200 hivi za njia mpya, na abiria wakanufaika safari nzima. Nusu ya bomba haimfikishi mtu popote, na kibehewa chake hakiwezi kutoka nje kikaendelea na safari kwenye njia nyingine.

Pale ambapo bomba lina hoja ya kweli ni kwenye umbali wa kilomita elfu moja na zaidi, kati ya miji mikubwa sana. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na treni ya haraka kuliko zote huchukua zaidi ya saa nne; bomba lingechukua kama saa moja na robo, kwa umeme, bila moshi wa ndege. Sishangai kwamba shirika la anga na makombora la Uchina, CASIC, ndilo lenye bomba la majaribio la kilomita mbili huko Datong, mkoa wa Shanxi. Uholanzi wana lao la mita 420 huko Veendam, lililofunguliwa 2024. Hyperloop One ilikuwa na la mita 500 jangwani Nevada, ambamo watu wawili walipanda Novemba 2020 na kufika kilomita 172 kwa saa.

Jaribio litakalonifanya nibadili mawazo ni la kilomita 40 au 50, lenye kona moja halisi, mahali njia inapogawanyika kuwa mbili, na vyombo viwili vinavyofuatana huku cha mbele kikisimamishwa ghafla. Pia nitataka kuona bili ya umeme wa pampu kwa mwaka mzima, kiangazi na baridi. Uchina inaweza kulilipia jaribio kama hilo huku kilomita zake zaidi ya 45,000 za reli ya kasi zikiendelea kubeba watu kila siku.